Jicho jekundu lisilopona: lipimwe kwanza, chupa nyingine baadaye

Mkuu uliyeandika kutoka Urambo, umesema jicho moja lina wiki kadhaa, jekundu, linachuruzika machozi, mwanga unaliumiza, na kila unakokwenda unaongezewa matone. Nimepitia hayo hayo hapa Tabora.

Langu lilianza kwa kuchapwa na jani la mahindi shambani. Zahanati walimulika tochi, wakanipa matone ya antibayotiki. Wapi! Kituo kingine wakanipa yenye deksamethasoni, na wekundu ukapungua kweli. Siku chache tu, maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo, na doa jeupe likatokea kwenye kioo cha jicho. Ile ni steroidi. Inatuliza uvimbe lakini inadhoofisha kinga ya jicho, na kama kilichomo ni fangasi au virusi vya hepesi, vinaendelea kula konea, yaani hicho kioo cha mbele cha jicho, huku wewe ukidhani unapona. Naumia sana nikiona matone hayo yakitolewa kabla jicho halijapimwa.

Aliyenifaa ni mtaalamu wa macho aliyeuliza kwanza: liliumizwa na nini? Akaniegemeza kidevu kwenye mashine, akatia rangi ya njano jichoni, akawasha mwanga wa bluu. Penye kidonda hung'aa kijani. Hepesi kwa kawaida huonyesha kidonda chenye matawi. Changu kingo zake zilikuwa kama manyoya, akashuku fangasi. Nikapewa rufaa Mwanza, wakatia matone ya ganzi, wakakwangua kidonda kidogo na kutazama kwa hadubini. Fangasi kweli. Nikapewa natamisini, matone ya kuua fangasi, kila saa, usiku na mchana mwanzoni, kisha wiki nyingi za kupunguza taratibu. Kovu limebaki, ila nasoma.

Mdau aliyetaja trakoma (vikope), inawezekana, lakini kwa kawaida huanza utotoni na kushika macho yote mawili. Mtaalamu ataitafuta kwa kugeuza kope la juu, na kuangalia kama nywele za kope zinakwaruza jicho.

Kwa hiyo mkuu, usingoje. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha macho, na beba chupa zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Kama kuna jani, pumba au kijiti kilikugusa, kitaje kabla hujaulizwa. Omba jicho lipakwe rangi. Wakiona kidonda, uliza kama kinaweza kukwanguliwa kupimwa, au wakupe rufaa penye maabara hiyo. Kama matone uliyonayo yana steroidi, waonyeshe mapema, leo ikiwezekana, wakuambie la kufanya.

Ukishaonwa rudi useme wamekuta nini. Natamisini haipatikani kila duka la dawa, nitakuelekeza nilikoipata.