Kabla ya kuiamini mita, jua inalishwa na nini

Mwanafunzi wa urubani akifika siku za mwanzo, mita sita za msingi anazitaja bila kukosea: spidi, upeo bandia (unaoonyesha mkao wa mabawa na pua), altimita (inayopima kimo), mita ya kugeuka, mita ya mwelekeo, mita ya kupanda na kushuka. Nikimwuliza kila moja inapata uhai wake wapi, anasita. Hilo ndilo ninalowaomba mlishike mapema, kwa sababu mita zinazolishwa na chanzo kimoja hudanganya pamoja, tena kwa kukubaliana.

Katika ndege nyingi ndogo zenye mita za sindano, upeo bandia na mita ya mwelekeo huzungushwa na pampu ya vakyumu, yaani pampu inayofyonza hewa. Mita ya kugeuka hutumia umeme. Mrija wa pitoti, unaopokea upepo wa mbele ya ndege, unalisha spidi peke yake, lakini tundu la statiki, linalopokea mgandamizo wa hewa ya nje, linalisha spidi, altimita na mita ya kupanda na kushuka. Ndege yako inaweza kutofautiana na hizo, hivyo fungua kitabu chake, uchore mirija hiyo kwa mkono wako mpaka uijue bila kutazama.

Pampu ndiyo inayonipa hofu zaidi. Ikifa haipigi kelele. Magurudumu ndani ya mita yanaendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa, yakipungua taratibu, na upeo bandia unaanza kulala upande kidogo kidogo. Ukiwa ndani ya wingu unausawazisha kwa usukani. Unalala tena, unausawazisha tena, kumbe ndege yenyewe ndiyo unayoilaza, na muda si mrefu inashuka kwa kujizungusha. Dalili zipo: upeo unasema mabawa yako sawa, ila mita ya kugeuka imeinama, dira ya sumaku inazunguka, spidi inapanda. Tazama mita ya vakyumu, ambayo katika ndege nyingi husoma kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Ikiwa imeanguka, ifunike mita iliyokufa kwa karatasi. Wanafunzi huona aibu kufanya hivyo, wakidhani watajikumbusha tu wasiitazame. Jicho lililozoea kurudi pale litarudi, hasa ukiwa na hofu. Weka vipande vya karatasi yenye gundi mahali mkono unapofika.

Baada ya hapo geuka kwa mita ya kugeuka na saa. Kwa nyuzi 3 kila sekunde, nyuzi 90 huchukua sekunde 30. Dira ya sumaku huyumba wakati wa kugeuka, kwa hiyo nyoosha mabawa, iache itulie, ndipo uisome. Wala usiulize mwili wako uko upande gani. Mwaka 1954, katika jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, watu 20 wasiofunzwa kuruka kwa mita waliwekwa katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Mrija wa pitoti ukiziba pamoja na tundu lake la kutolea maji, spidi inageuka kuwa kama altimita: unapanda nayo inapanda. Rubani anaona anakwenda kasi mno, anainua pua, na spidi ya kweli inaisha. Wadudu wanaojenga kwa udongo wanaweza kuuziba mrija ndege ikiwa imeegeshwa tu, ndiyo maana kile kifuniko kina kazi. Mbioni kabla ya kupaa, sindano ya spidi isipoamka, punguza nguvu usimame.

Tundu la statiki likiziba, altimita inaganda na mita ya kupanda inakaa sifuri. Hapa ndipo chanzo kinapowanasa hata mabingwa. Oktoba 1996, ndege ya Aeroperú namba 603 iliruka ikiwa na mkanda wa gundi juu ya matundu ya statiki, ulioachwa baada ya kuoshwa. Marubani waliwauliza waongozaji wa ndege wako kimo gani, wakapewa namba iliyotoka kwenye vifaa vilevile vya ndege yao. Watu 70 walikufa. Transponda, kifaa kinachojibu rada, ya ndege yako ndogo nayo kwa kawaida hutuma kimo kutoka statiki hiyohiyo. Mwombe mwongozaji akwambie spidi yako ya ardhini, maana hiyo rada inaipima yenyewe, na kimo kitazame kwenye GPS. Kumbuka tu kwamba spidi ya ardhini ina upepo ndani yake.

Fungua statiki ya akiba, yaani njia nyingine ya kupokea hewa hiyo, kama ipo. Altimita kwa kawaida itasoma juu kidogo ya ukweli. Kisha rudi kwenye pua na nguvu ya injini. Siku ya hewa tulivu, ukiwa na mkufunzi, andika mizunguko ya injini na mkao wa pua kwa kupanda, kusafiri na kushuka kutua, halafu rukeni mzunguko mzima wa uwanja spidi ikiwa imefunikwa.

Mapema kabisa waambie waongozaji una tatizo gani, na mpigie fundi simu ukitua. Usipulize mrija wa pitoti kwa mdomo kujaribu kuuzibua. Pumzi yako inatosha kuiharibu mita ya spidi, na rubani atakayeichukua ndege baada yako hatajua.