Kufagia Soko Hakutoshi Kumfunza Mtoto Uraia

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Rungwe ameniandikia. Anataka wanafunzi wake wajifunze uraia kwa kuihudumia jamii yao. Alipolipeleka wazo kwa mkuu wake wa shule, akaambiwa shule inayo huduma ya jamii tayari: kila mwezi watoto wanakwenda kufagia soko. "Kaka, hapo naanzia wapi?" ameuliza.

Maneno aliyoambiwa nimewahi kuambiwa mimi, karibu neno kwa neno. Kwa hiyo namjibu hapa, na wengine mnaofundisha Uraia, au somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, mjue nilikopita.

Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu katika shule ya kata, mkoani Iringa. Chini ya shule kuna chemchemi. Kiangazi kile ilipungua mpaka foleni ya ndoo ikaanza kabla hakujapambazuka, na wasichana wangu wakawa wanaingia darasani kipindi cha pili. Ubaoni nilikuwa na mada ya wajibu wa raia. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde mali asilia ya nchi. Walikuwa wameikariri vizuri sana. Siku hiyo nikawaambia wafunge madaftari, tukateremka bondeni.

Tulibeba kamba ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka chanzo cha maji. Wanafunzi wakapima, wakachora ramani: milingoti (mikaratusi, miti inayonywa maji mengi) huku, vinyungu (vishamba vya bondeni vya kiangazi) kule, mahindi na maharage yamefika karibu kabisa na maji. Walirudi na hukumu mkononi. Wenye vinyungu ni wakosaji, basi.

Nikawarudisha kesho yake, safari hii wakawasikilize hao wakosaji. Mwanzoni walikimbiwa, watu walidhani halmashauri imetuma watoto kupeleleza. Bibi mmoja ndiye aliyekubali kuketi nao. Walipomwamkia "Kamwene," akaitikia, akawaonyesha maharage yake. Akawaambia sare za wajukuu wake zimetoka hapo, kwa sababu shamba la juu halitoi kitu mpaka mvua zirudi. Akawauliza: milingoti ile ni ya nani, na kwa nini hakuna aliyekwenda kuipimia kamba? Kijana mmoja akaongeza kwamba sheria inasema shughuli za kudumu, na kinyungu ni cha msimu. Wanafunzi wangu walikosa jibu. Jioni ile ndipo somo la uraia lilipoanza. Walibishana mpaka kengele ya kujisomea, na ubishi wao ulikuwa na ushahidi.

Kazi za katikati nazipita: barua, ruhusa, kuandika upya taarifa ya wanafunzi. Mtendaji wa kijiji alitupa nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wapiga kura pale ni wakazi wa miaka 18 na kuendelea, hivyo wengi wa wanafunzi wangu wasingeweza kunyoosha mkono. Ila mwenyekiti aliwaruhusu kusema. Binti aliyekuwa haongei darasani alisimama na ramani akaeleza maji ya chemchemi ile yanavyoingia Ruaha Mdogo, kisha Ruaha Mkuu, mpaka Mtera yanakozalisha umeme. Kisha akaomba mambo mawili. Milingoti iondolewe kwanza na mivengi, miti rafiki wa maji, ipandwe mahali pake. Wenye vinyungu waachwe wavune, ndipo warudi nyuma ya mita 60. Mkutano ukabishana, mwisho ukapitisha. Naandika haya kwa fahari na sioni haya kusema hivyo.

Baadaye wageni walikuja, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Mradi ukaitwa wa uongozi wa shule, uongozi uleule ulioniambia napoteza vipindi vya mtihani. Jina langu halikutajwa, na la yule binti pia. Langu nimelizoea. La binti bado linaniuma.

Sasa sikilizeni, walimu wenzangu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakutaka shamba la shule liwe mahali pa kutumikisha watoto. Alitaka washiriki kuamua nini kifanyike na mapato yatumikeje. Tumebakiza jembe, uamuzi tumeuondoa. Mtoto akichelewa anapewa kufyeka, kisha tunamshangaa akiwa mtu mzima hahudhurii mkutano wa kitongoji chake. Tulimfundisha lini kwamba pale panamhusu? Huduma isiyofika mahali pa uamuzi ni kibarua cha bure, na tusiwadanganye watoto kwa kuipa jina zuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Rungwe, usigombane na mkuu wako. Anza na soko hilohilo. Watoto wafagie, ila wabebe daftari. Taka zinatoka vibanda gani? Nani ana jukumu la kuzizoa? Ushuru wanaotoa akina mama wa ndizi na viazi unakwenda wapi, na ni kiasi gani kinarudi kusafisha soko? Wawaulize mama zao, wamuulize mkusanya ushuru, wamuulize afisa afya. Usiwape jibu. Wakija na hukumu ya haraka, warudishe sokoni. Wakija nayo tena, warudishe tena.

Kisha wapeleke kwa wanaoamua. Hili silegezi. Taarifa ikiishia kwenye kabati la ofisi ya walimu, watakuwa wamejifunza kwamba kusema hakuna maana. Wanahitaji kusimama mbele ya wakubwa na kujibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda kwa mtendaji wiki hii, ujue tarehe ya ujao, uombe kwa barua nafasi kwenye ajenda, kisha upange vipindi vyako kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Na siku ya wageni, hakikisha watoto ndio wanaosoma taarifa yao, kwa majina yao.