Msimu wa vitabu vipya ulivyonipeleka mbio, na ninavyofanya siku hizi

Kuna mwaka nilinunua vitabu vipya saba ndani ya wiki tatu. Saba! Na sio kwamba nilikuwa na hela ya kuchezea, ni ule upepo wa msimu tu, kila ukifungua simu unakutana na orodha, mara vitabu vya kusoma kabla mwaka haujaisha, mara vitabu vitakavyokuwa filamu, na mimi nikaona nikibaki nyuma nitaonekana mshamba. Msimu unaisha nimemaliza kimoja na nusu, na hicho kimoja chenyewe ndo kilikuwa chembamba kuliko vyote. Kingine kiliishia kuinulia laptop ili shingo isiniume.

Basi nikakaa chini nikajiuliza haraka ilikuwa ya nini. Kiukweli huu msimu una mpangilio wake wa kibiashara, sio kwamba waandishi wote huwa wanamaliza miswada kwa pamoja. Kuanzia Septemba mpaka Novemba wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani wanatoa vitabu vyao vizito, Oktoba inatangazwa Nobel ya Fasihi, Oktoba hiyohiyo kuna maonyesho makubwa ya vitabu ya Frankfurt, halafu watu wanaanza kutafuta zawadi za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kelele zote zinakuangukia kwa mkupuo. Siwalaumu, wako kazini. Ila wewe msomaji huna deadline yoyote pale.

Kilichonifungua macho zaidi ni Abdulrazak Gurnah, mwandishi wetu mzaliwa wa Zanzibar. Alipopata Nobel mwaka 2021 watu wakaanza kuhangaika kumtafuta, na kule Marekani vitabu vyake vikawa adimu madukani. Sasa angalia, riwaya yake Paradise ilitoka 1994! Miaka 27 ilikuwepo tu inasubiri, na Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kikaja kutoka 2022. Nilikuwa mmoja wa waliokimbilia siku ile ya tangazo, na nilijisikia vibaya kidogo, maana jina nilikuwa nalijua muda mrefu na sikuwahi kufungua hata ukurasa. Tangu hapo kila nikinunua kitabu kipya kimoja lazima kabla yake nimalize cha zamani kimoja, hakuna msamaha. Na kama kipya kimetoka kwa jalada gumu, mara nyingi nasubiri cha jalada laini, kinakuja baada ya mwaka hivi, bei imeshuka na mkononi hakichoshi. Usiku kitandani lile jalada gumu likikuponyoka linakupiga puani, hilo nalijua vizuri mno.

Sasa filamu. Hapa ndo nimekosea sana kuliko kote.

Swali la watu wote ni lilelile, nianze kitabu au filamu? Mimi ni kitabu kwanza, sababu ukishaona filamu basi sura za wahusika umeshapangiwa, huwezi tena kumtengeneza yule mama mwenye kiburi kichwani mwako, kila akiongea unamuona yule staa. Ila kuna kitu hawakwambii. Usisome kitabu usiku ukaenda kuangalia kesho yake. Mimi nilifanya hivyo, nimemaliza saa nane usiku macho mekundu, kesho yake jioni niko ukumbini nimekaa kama mkaguzi wa hesabu, "hapa walikuwa wawili sio watatu, hii barua aliisoma nje sio jikoni", mpaka rafiki yangu akaninong'oneza niache au yeye ahame kiti. Filamu nzima sikuiona, nilikuwa nahesabu makosa. Siku hizi naacha wiki tatu, ikiwezekana mwezi, vile vitu vidogovidogo vinafutika na kinachobaki ni ile ladha yenyewe, na hapo filamu inapata nafasi yake.

Halafu kumbuka skripti inakadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kama kurasa 120, na nyingi ni mazungumzo yenye nafasi tupu pembeni. Riwaya ya kurasa 400 haiingii humo hata uisukume vipi, lazima watu wafe, wahusika wawili waunganishwe awe mmoja, shangazi apotee kabisa. Kuna wanaokata, kuna wanaogawa, riwaya ya Dune ya 1965 kwa mfano, filamu ya 2021 imeishia katikati ya kitabu na nusu nyingine ikaja 2024. Hiyo ilinisaidia sana, nilisoma nusu, nikaangalia, nikarudi kumalizia kwa raha zangu. Kuna pia wanaovuta kama ubani wa kutafuna, The Hobbit ni kitabu kimoja cha watoto kikawa filamu tatu, 2012 mpaka 2014, nadhani hapo walizidisha.

Na usione aibu kuchukia filamu ambayo dunia nzima inaisifu. Mwandishi Stephen King mwenyewe hajawahi kuficha kwamba hakuipenda The Shining aliyoitengeneza mwongozaji Stanley Kubrick mwaka 1980 kutoka kwenye riwaya yake, wakati wapenzi wa filamu za kutisha wanaiweka juu kabisa. Mwenye kitabu na mwenye filamu walikuwa na vichwa viwili tofauti, basi.

Kitu kingine, ukisikia haki za kutengeneza filamu ya kitabu zimenunuliwa usianze kukimbizana nacho. Kununua haki maana yake tu wamejihifadhia nafasi, nyingi zinaishia kwenye droo. Mimi nasubiri mpaka nione trela, ikitoka trela najua nina miezi michache ya kusoma bila presha.

Mwisho niseme kuhusu haya matukio ya karibu, uzinduzi, klabu za vitabu, jioni za kusoma mashairi, maana watu wengi wanayapita wakidhani ni ya wasomi wenye miwani. Jamani nendeni. Hapo ndo nachagulia vitabu siku hizi, sio kwenye orodha. Siku moja nilikwenda uzinduzi wa mwandishi nisiyemjua kabisa, watu kama ishirini, viti vya plastiki, maiki inakwaruza, yule mama akafungua kitabu chake akalowesha kidole, akasoma ukurasa mmoja na nusu kuhusu mtu anayekunja nguo za marehemu mume wake. Shati moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Ukumbi ukawa kimya, hata ile maiki sijui ilikwenda wapi. Nilinunua palepale na nilikimaliza ndani ya siku nne, mimi yuleyule wa kitabu kimoja na nusu.

Ukienda, soma hata sura ya kwanza kama umeipata, na usiulize "wazo ulilitoa wapi", nimeliuliza mimi nikaona uso wa mwandishi ulivyochoka. Uliza kitu cha ndani, kwa nini yule mtoto hana jina, kwa nini sura ya tatu ni fupi hivyo, utaona anavyoamka. Na kama unataka sahihi, andika jina lako kwenye kikaratasi ukichomeke kwenye ukurasa wa kusainiwa, sababu mimi nililitaja kwa mdomo katikati ya kelele na hadi leo nina kitabu kimeandikwa kwa upendo mkubwa kwa mtu mwingine kabisa ambaye simjui.

Sasa hivi nina kimoja mkononi, trela yake imeshatoka, nimebakiza kurasa 140, na dada yangu ambaye alishakimaliza zamani nimempiga marufuku kukitaja mezani. Jana akaniuliza tu, "umefika kwenye daraja?" Sijalala vizuri.