Kabla hujanunua ringi mpya za pistoni, tafuta kilichozila za zamani

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1996, dizeli, injini ya 3L, cc 2779. Niliinunua ikiwa imeshachoka kiasi, na kwa miaka sita imenibebea mabati, saruji na viazi kati ya mjini Iringa na vijijini. Injini hii haina kompyuta, spea zake zipo, na fundi yeyote wa wilayani anaijua. Ndiyo maana inaniuma kwamba niliifungua mara mbili ndani ya miezi mitano kwa ugonjwa uleule. Naandika ili wewe mwenye pikapu ya zamani usilipe mara mbili kama mimi.

Ugonjwa ulianza polepole. Asubuhi ikawa ngumu kuwaka, moshi wa bluu ukaongezeka, na oili ikawa inapungua lita moja kila kilomita 600 hivi. Siku niliyokubali kwamba gari linaumwa ni siku niliyopanda mlima Kitonga, ule mkali wa barabara ya kuja Iringa, na mabati kutoka Dar. Nilifika juu kwa gia ya kwanza, malori yamepanga foleni nyuma yangu. Nikaegesha, nikafungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikiunguruma. Moshi ukawa unatoka kwa mapigo, puu, puu, puu, kama uji unaotokota.

Fundi akasema ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba silinda, zimekufa. Alikuwa sahihi. Akafungua hedi iliyo juu ya injini na sampu, bakuli la oili la chini, akatoa pistoni kwa juu, akaweka ringi mpya, akasaga valvu, akafunga gasketi mpya. Spea na ufundi vilinigharimu shilingi 480,000. Miezi miwili ya kwanza nilifurahi. Mwezi wa nne moshi ukarudi.

Mara ya pili niliipeleka bloku kwa mzee mmoja wa karakana ya kuchonga. Hakuniuliza habari za ringi. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, pitisha ukucha hapa." Nikaupitisha ukutani mwa silinda ya tatu, kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo ukucha ukakwama kwenye kingo, kama kizingiti kidogo. Pale juu kabisa ringi haifiki, kwa hiyo chuma kimebaki saizi yake ya zamani. Chini yake kimeliwa. Akaingiza geji: silinda ile ilikuwa imelika milimita 0.28. Kwa injini hii, ikizidi 0.2 silinda zote zinachongwa, yaani zinapanuliwa kwa mashine ziwe duara tena.

Hapo nikaelewa kosa la mara ya kwanza. Ringi mpya ni ya duara kamili, na mimi niliitia kwenye tundu lililopanuka juu na kubana chini. Kila pistoni inapopanda ringi inatanuka, ikishuka inajibana, maelfu ya mara kwa dakika. Haiwezi kuziba. Ukibadilisha ringi bila kupima silinda, unabahatisha.

Kisha mzee akaniuliza, "Vumbi linaingilia wapi?" Nilimjibu kwamba eya klina nilibadilisha juzi tu. Akaniambia twende kwenye gari. Akalegeza bomba la mpira linalotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini, akapitisha kidole ndani, akanionyesha. Vumbi jekundu, laini kama unga wa dona. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye mkunjo, upande wa chini ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama, na mtu wa kabla yangu alikuwa ameufunga kwa kipande cha tyubu. Kila niliposafiri barabara ya vumbi, injini ilikuwa inavuta mchanga bila chujio. Bomba jipya lilikuwa shilingi 35,000.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote hapa. Spea ya injini mara chache inajifia yenyewe. Beringi za kongrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, zinauawa na oili chafu au pampu ya oili iliyochoka. Gasketi ya hedi inauawa na rejeta iliyoziba au klachi ya feni iliyolegea. Silinda zinauawa na vumbi. Ukibadilisha kilichokufa ukamwacha muuaji, utarudi gereji, na fundi hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo anza na vipimo kabla hujafungua hata nati moja. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Kwenye dizeli kama hii geji inafungwa kwenye tundu la plagi ya kupashia moto, na waya wa soleno ya kuzimia, swichi ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu ya dizeli, unachomolewa ili injini isiwake. Geji ya petroli usiitumie, haitahimili. Injini ya 3L yenye afya inasoma karibu 455 psi, ikishuka chini ya 284 imekwisha, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Yangu ilisoma 390, 380, 250 na 370. Namba hizo nne zingeniambia mapema kwamba kuna silinda moja yenye jambo lake.

Ukishaamua kuchonga, kuna utaratibu ambao wengi wanaugeuza. Nunua pistoni kwanza, uzipeleke karakana, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Mimi nilichukua pistoni za saizi ya 0.50, yaani zimezidi za mwanzo kwa milimita 0.50, na mzee akapima kila moja kabla ya kuwasha mashine. Ukichonga kwanza halafu ukatafuta pistoni, nafasi inayobaki kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni ya kubahatisha, na pistoni ikibana sana itajikwaruza siku ya kwanza ya mlima.

Gasketi ya hedi nayo si yoyote tu. Za injini hii zinakuja kwa unene wa aina tatu, zenye alama za B, D na F, B ikiwa nyembamba na F nene. Anayechagua ni kipimo: pistoni ikifika juu kabisa, inachomoza kiasi gani juu ya bloku? Dukani watakupa iliyopo. Ukifunga nyembamba mahali pa nene, pistoni inasogelea hedi na valvu kuliko inavyotakiwa. Simama karibu na fundi akipima, andika namba, nenda nayo dukani.

Kuhusu spea feki, sina ujanja mkubwa zaidi ya kununua kwa mtu ambaye unaweza kumrudia. Kwa ringi natafuta Riken au NPR, kwa beringi Taiho au Daido, na hata hapo nafungua boksi mbele ya muuzaji. Ringi naziingiza moja moja kwenye silinda na kupima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kabla ya kuzivalisha kwenye pistoni. Ni kazi ya nusu saa.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, badilisha hapohapo, pamoja na beringi yake ya kukazia na sili za mbele. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni zako mpya. Kwenye dashibodi kuna taa inayowaka mkanda ukifika muda. Kagua kama balbu yake ipo. Kwenye gari langu haikuwepo.

Wengi watakushauri ununue injini nzima ya mtumba. Mimi nakubali kama bloku imepasuka au krankshafti imeshakatwa mpaka saizi ya mwisho. Vinginevyo unanunua historia usiyoijua, na kumbuka namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna safari ya TRA, mamlaka ya mapato, pia. Na themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto, tafadhali, irudishwe. Fundi akiing'oa ili "gari lisichemshe", injini inakimbia ikiwa baridi na ringi zinalika haraka. Kama linachemsha, safisha rejeta.

Mara ya pili jumla ilifika shilingi 2,350,000: kuchonga, pistoni, ringi, beringi, gasketi, mkanda, pampu ya maji, rejeta kufunguliwa na kuchokonolewa, na lile bomba. Kilomita 1,000 za kwanza sikubeba mzigo mzito, sikuiacha ikiunguruma muda mrefu mahali pamoja, na oili ya kwanza niliimwaga kwenye kilomita 500. Ilitoka na unga wa chuma unaometa juani, jambo la kawaida kwa injini iliyotoka kuchongwa.

Sasa imetembea kilomita 41,000 tangu ifungwe. Kati ya sevisi na sevisi naongeza oili chini ya nusu lita. Kila Jumamosi nalegeza lile bomba na kupitisha kidole ndani. Wiki iliyopita nilipanda Kitonga na mabati yaleyale, gia ya tatu hadi kwenye kona kali, kisha ya pili hadi juu, na mshale wa joto haukuvuka katikati.