Kadoa pembeni ya Beta Pictoris: wamejuaje ni sayari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeona picha ya nyota inaitwa Beta Pictoris, katikati kuna duara jeusi, pembeni yake kadoa keupe, halafu mstari wa vumbi huku na huku. Wanasema kale kadoa ni sayari. Wamejuaje si bonge la vumbi tu, au nyota nyingine ya mbali iliyokaa nyuma yake? Na nyota inawaka vile, sayari inaonekanaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza penyewe, manake hata walioipiga hiyo picha walijiuliza hivyo hivyo na ikabidi wasubiri miaka.

Kwanza ujue hiyo picha ni mbili zimeunganishwa. Vumbi la nje ni la mwaka 1996, lilipigwa na darubini ya mita 3.6 ya ESO, shirika la nchi za Ulaya ambalo darubini zake ziko Chile. Ile ya ndani yenye kadoa ilipigwa 2003 na darubini ya VLT, kioo chake mita 8.2, iko mlima Paranal jangwa la Atacama. Lile duara jeusi halipo kule angani, ni pale walipouondoa mwanga wa nyota.

Na kuuondoa huo mwanga ndo kazi yenyewe. Nafasi kati ya nyota na sayari, tukiiangalia toka huku kwetu, ni kama upana wa sarafu ukiwa umesimama kilomita 12 au 13 toka ilipo, hapo hapo hewa ya dunia inatikisa kila kitu, kwa hiyo darubini inatumia kioo chembamba kinachojikunja mara nyingi kwa sekunde kufuata ule mtikisiko, halafu wakapiga picha na nyota nyingine isiyo na kitu pembeni, wakaitoa hii kwenye ile kwa kompyuta, kilichobaki ndo hako kadoa.

Kilichowabeba ni umri. Jua letu lina miaka bilioni 4.6, Beta Pictoris ina miaka milioni 20 hivi tu, ni kachanga kabisa, na sayari yake bado ina joto la kuumbwa, kama nyuzi 1,400 za Selsiasi. Kwa hiyo inang'aa kwa joto lake yenyewe kwenye infraredi, yaani mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni, haisubiri kuakisi mwanga wa nyota. Mshtarii wetu ukiupima kwa mwanga wa kawaida unazidiwa na Jua karibu mara bilioni moja, wala usijisumbue kuutafuta ukiwa mbali, lakini hii kwenye infraredi inazidiwa na nyota yake mara elfu moja na kitu. Hapo kamera inaweza.

Hilo joto pia linajibu habari ya bonge la vumbi. Sayari iko mbali na nyota yake karibu sawa na Zohali ilivyo mbali na Jua, na vumbi likikaa umbali huo ni la baridi kali, haliwezi kuwaka kwa nyuzi 1,400. Baadaye wakauchambua mwanga wake wakakuta kaboni monoksaidi na mvuke wa maji, yaani ile ni hewa ya sayari, tena mwaka 2014 wakapima inajizungusha kwa kilomita 25 kwa sekunde, karibu mara mbili ya Mshtarii.

Sasa nyota ya nyuma. Hii ndo ilikuwa ngumu, na napenda sana walivyokuwa na subira. Mwanaastronomia Anne-Marie Lagrange na wenzake walitangaza kadoa mwaka 2008 bila kukata shauri, manake picha moja haitoshi. Mwanzoni mwa 2009 wakatazama tena, hakaonekani! Mwishoni mwa mwaka huo huo kakatokea upande wa pili wa nyota. Nyota ya nyuma haizunguki hivyo, ingebaki ilipo huku Beta Pictoris ikisogea taratibu na kuiacha, nao walipiga hesabu ya pale ambapo ingetakiwa kuwa, hapakuwa na kitu.

Na vumbi lenyewe lilishatoa fununu zamani. Lilipigwa picha mara ya kwanza 1984 pale Las Campanas, kituo cha darubini huko Chile, na wanaastronomia Bradford Smith na Richard Terrile, na miaka ya tisini ikaonekana sehemu ya ndani imepinda kidogo, haijalala sawa na ya nje. Watu wakasema kuna kitu kizito kinalivuta, na sayari ilivyopatikana ina uzito kama wa Mshtarii kumi hivi na njia yake imelala na ule mpindo. Kumbuka pia vumbi kama lile halidumu, chembe ndogo zinasukumwa nje na mwanga wa nyota, kwa hiyo likionekana leo jua mawe na vimondo vinagongana kule mpaka sasa hivi.

Mwaka 2019 wakapata sayari ya pili, iko ndani zaidi.

Ukitaka kuiona nyota yenyewe hauhitaji darubini. Kati ya Desemba na Machi, usiku mapema, sehemu isiyo na taa, tazama kusini utafute Suheli, ile inayong'aa sana, Beta Pictoris ni kanyota hafifu magharibi yake kidogo. Sayari hautaiona, lakini ipo: mwisho wa 2016 ilisogea karibu mno na nyota ikapotea kwenye mwanga, na Septemba 2018 ikatokea tena, upande ule ule wa 2003.