Valvu moja ndogo iliyoituliza amplifaya yangu

Kwa miaka miwili nilipiga gitaa la solo huku mkono mmoja uko kwenye nyuzi na roho iko kwenye kitufe cha voliumu. Amplifaya yangu ni Fender Blues Junior, wati 15, spika moja ya inchi 12. Masta, kitufe cha ukubwa wa sauti ya mwisho, naifungua karibu yote, halafu voliumu ndiyo inayoamua kila kitu. Nikiiacha kwenye 2, dramu na tumba zinanimeza. Nikifika 4, sauti inaanza kupasuka. Kwa mpiga bluzi kupasuka huko ndiyo raha yenyewe, na amplifaya hii imetengenezwa kwa ajili yake. Lakini mimi ni mtu wa dansi. Sebene linapochanganya, solo inakimbia kwenye nyuzi mbili nyembamba, zile za chini kabisa, na kila nukta inatakiwa isikike peke yake kama shanga kwenye uzi. Sauti ikipasuka, shanga zinagandana.

Nilishaanza kutafuta mteja wa kuiuza. Aliyenizuia ni fundi redio mmoja mzee wa Kariakoo, niliyempelekea waya wa gitaa autie risasi. Nikamweleza shida yangu huku anafanya kazi. Hakuinua hata kichwa. "Kijana wangu, valvu ya kwanza inakuza kuliko unavyohitaji. Tafuta inayokuza kidogo." Basi. Hakuniuzia kitu, maana hakuwa nayo.

Nieleze alichomaanisha, kwa sababu ndicho kiini cha mambo yote haya. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana, sehemu tu ya voltu moja. Kazi ya kuukuza inaanzia kwenye valvu, kichupa cha kioo chenye miguu ya chuma, ile ndogo iliyo karibu na tundu la kuchomeka gitaa. Mara nyingi ni 12AX7, ambayo Wazungu wa Ulaya wanaiita ECC83. Ukiona jina lolote kati ya hayo mawili, ni kitu kilekile. Ndani ya kioo kimoja mna vikuzaji viwili. Kila valvu ina namba yake ya ukuzaji, na ya 12AX7 ni 100. Inayokuza sana mwanzoni inazielemea hatua zinazofuata mapema, na hapo ndipo kupasuka kunapoanzia.

Sasa, 12AX7 ina ndugu zake. Wana miguu tisa iliyopangwa vilevile na wanaingia kwenye soketi ileile bila kuchomelea waya wowote. 5751 ina ukuzaji wa 70. 12AT7 ni 60. 12AY7 iko kwenye 45 hivi, na 12AU7 ni kama 20. Wala si ujanja wa vijana wa leo: amplifaya za Fender Bassman za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilitoka kiwandani zikiwa na 12AY7 pale mbele.

Niliagiza tatu: 5751, 12AY7 na 12AU7. Nilipozipata nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Nilitoa ya zamani, nikatia 12AY7, nikapiga, nikasema mbona sauti imekufa. Nikairudisha ya zamani siku hiyohiyo. Kilichonidanganya ni ukubwa wa sauti. Sikio linapenda kilicho juu. Ukilinganisha valvu mbili bila kugusa voliumu, inayokuza zaidi itashinda kila mara. Wiki iliyofuata nilirudia kwa utulivu. Nilimkalisha mwenzangu wa rithim upande wa pili wa chumba, nikatia 12AY7, nikaongeza voliumu hadi aliposema tumelingana na mwanzo. Hapo ndipo nilipoisikia. Voliumu ilikuwa imepita 5 na nukta bado ni safi, zimeshiba, na ukichapa kwa nguvu kuna ukali kidogo unaotokea na kuondoka na mkono wako. Yaani amplifaya ilianza kunisikiliza.

5751 nayo ni nzuri. Kwa anayetaka kupunguza kidogo tu, huku akibaki na ladha ya kupasuka akifungua voliumu, ningemwambia aanze na hiyo. 12AU7 kwangu ilikuwa imepitiliza. Sauti ilibaki chini na haina moyo, ingawa kwa mtu anayefanya mazoezi usiku nyumba za jirani ziko ukutani, ingemfaa. 12AT7 niliazima baadaye nikaijaribu nafasi ya kwanza, nikaiona kavu. Mwingine ataipenda.

Valvu moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha tatu kwa mkupuo, sauti ikiwa nzuri hujui umshukuru nani, ikiwa mbaya hujui wa kumlaumu. Na nafasi hazilingani. Ya kwanza ndiyo inayobadilisha mambo zaidi, kwa sababu chochote inachofanya kinakuzwa na zote zinazofuata. Ya mwisho kati ya zile ndogo, ile inayogawa sauti kwenda kwenye valvu mbili kubwa, niliijaribia 12AT7. Nguvu ya mkandamizo ilipungua, spika ikawa kama imekaa nyuma ya pazia. Niliirudisha 12AX7 pale na sijaigusa tena.

Kuhusu majina ya makampuni nina maoni yangu. Valvu mpya za siku hizi zinatoka kwenye viwanda vichache, Slovakia, Urusi na China, na kiwanda kimoja kinaweza kupiga mihuri ya majina kadhaa. Tofauti kati ya 12AX7 ya jina hili na ya jina lile ipo, lakini ni ndogo kando ya tofauti kati ya 12AX7 na 12AY7. Kama una pesa ya kununua valvu mbili, usinunue aina moja kwa majina mawili. Nunua aina mbili. Za zamani zinazouzwa ghali kama hazijawahi kutumika zilinichoma mara moja: niliagiza moja mtandaoni, ikafika na ule mng'ao wa fedha ulio juu ndani ya kioo umegeuka mweupe kama maziwa. Maana yake hewa imeingia. Valvu ya namna hiyo imekufa hata kabla hujaiwasha, kwa hiyo omba picha ya sehemu hiyo kabla ya kutuma pesa.

Kwenye kuzibadilisha kwenyewe, naomba unisikilize vizuri. Zima, chomoa plagi ukutani, subiri robo saa au zaidi zipoe. Kazi yote unaifanyia nyuma, hakuna sababu ya kufungua boksi la chuma lenye nyaya. Humo mna kapasita zinazotunza mamia ya voltu hata plagi ikiwa mkononi mwako, na hizo zinaua. Shika kioo karibu na shina, vuta polepole huku ukiitikisa kidogo. Kabla ya kutia mpya, angalia miguu yake kwenye mwanga. Mara nyingi mmoja huwa umepinda njiani. Kuna nafasi moja pana katikati ya miguu hiyo tisa, ndiyo inayokuonyesha pa kuelekeza. Ikigoma, itoe uangalie tena. Usisukume kwa nguvu.

Kwenye Blues Junior kuna mtego mwingine. Valvu zake mbili kubwa, EL84, nazo zina miguu tisa na zinaweza kuingia kwenye soketi za zile ndogo. Ni ndefu zaidi, lakini ukizitoa zote ukazilaza mezani gizani nyuma ya jukwaa, unaweza kuchanganya, na gharama yake si ndogo. Mimi nabandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye kila soketi nikiandika namba. Valvu zenyewe usiziandikie wala kuzisugua, maandishi ya kiwandani yanafutika kwa kidole tu. Zile ndogo hazihitaji fundi kuzipimia umeme ukibadilisha. Zile kubwa, kwenye amplifaya nyingi, muulize fundi kwanza.

Ukishawasha, iache ipate joto dakika mbili tatu. Kisha chukua penseli, geuza upande wa mti, gonga kila valvu taratibu huku voliumu iko juu kiasi. Ya kwanza itatoa mlio kidogo wa "tok", hiyo ni kawaida. Ikilia kama kengele na mlio ukaning'inia, valvu hiyo inadaka mtikisiko. Kwa kuwa spika iko boksi moja nayo, jukwaani itapiga kelele yenyewe. Usiitupe, ihamishie nafasi ya mwisho, mara nyingi inatulia huko na kufanya kazi miaka.

Sasa hivi yangu ina 12AY7 mbele na 12AX7 mbili nyuma yake. Ile 12AX7 ya kwanza kabisa nimeifunga kwenye soksi ndani ya boksi la gitaa, maana kuna Jumapili vijana wa kanisani wanakuja kuiazima amplifaya kwa nyimbo zao za roki, na wao wanaitaka ipasuke.