Mwalimu, Kila Usiku Nachana Ukurasa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni mama wa watoto wawili, nachuuza dagaa mwaloni huku Sengerema. Nina hadithi ya mwanamke wa mwaloni, nahangaika nayo tangu mwaka jana. Watoto wakilala nafungua kaunta buku, naandika aya moja, naisoma, naona Kiswahili kibovu, nachana. Daftari limebaki jalada. Siku nyingine hata kulifungua sitaki, naosha vyombo ambavyo ni visafi. Mimi Msukuma, Kiswahili cha pwani sikijui. Je, nianze kwanza na vitabu vya sarufi? Na ninunue kompyuta? Nakutumia ukurasa mmoja ulionusurika.
Mchuuzi, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukurasa umefika, nikausogeza dirishani ili nisome ulichokikata. Umepiga mstari juu ya maneno haya: “Mvua ilitukuta dagaa wako mchangani, mama akakaa chini.” Badala yake ukaandika: “Mvua kubwa ilinyesha kwa ghadhabu huku wingu zito la simanzi likiwa limetanda angani.”

Hilo wingu la simanzi nalifahamu. Nimefundisha sekondari, nimelisahihisha kwenye insha mpaka likaniingia ndotoni. Ile sentensi uliyoikata sijaiona kwa mtu mwingine. Mama akakaa chini: hakulia, hakukimbilia turubai. Anayejua kwamba dagaa wakilowa wanaharibika na kuishia chakula cha kuku ataelewa kwa nini miguu imemwishia nguvu. Asiyejua atafungua ukurasa wa pili ili ajue. Irudishe.

Sasa hili la pwani na bara. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, humohumo ziwani kwenu, na lugha aliyonyonya kwa mama ni Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971 na inatupeleka kijijini hapohapo. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani, na watetezi wa ushairi wa kimapokeo wakamjia juu kwamba hayo si mashairi hata kidogo. Aliendelea kuandika. Mimi ni mtu wa Pangani, kwa hiyo naruhusiwa kusema: sisi wa pwani tuna maringo ya lugha, na ukingoja tukupitishe utazeeka.

Vitabu vya sarufi viache kwanza. Utavisoma miaka mitatu na hadithi itakuwa palepale.

Kuchana ndiko tukuzuie. Andika ukurasa wa kulia peke yake, wa kushoto ubaki mtupu. Huo ndio wa kusahihishia, na zamu yake ni hadithi ikiisha. Ukifungua daftari soma mstari wa mwisho tu, uendelee hapo. Neno likikukimbia liandike kwa Kisukuma upite, tena usishangae siku ya kusahihisha ukiamua libaki. Wala huna haja ya kuanzia mwanzo. Anza na hiyo mvua, maana umeiona kwa macho yako.

Kuhusu muda, usijipangie saa moja kila usiku kama mwanafunzi wa bweni. Kazi yako inafuata mwezi. Siku za giza, mitumbwi ikiingia ziwani na taa, wewe unaamkia mwaloni alfajiri. Andika mistari miwili mitatu ulale. Mbalamwezi ikiwaka na wavuvi wakipumzika, hapo ndipo ukae na daftari kwa kirefu. Vyombo visafi vifunike kanga usivione.

Kompyuta usinunue. Kwa bei yake tengeneza vichanja vya kuanikia, dagaa watoke mchangani. Hadithi ikiisha, hapo mjini hamkosi mtu wa stesheneri wa kukuchapia, nawe ukae pembeni yake umsomee mwenyewe, asije akakurekebishia huyo mama.